Barua zako zinalala wapi? Maswali na majibu kuhusu kuhamisha barua pepe za zamani

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali ninayoletewa yamekuwa ya aina moja. Watu wamenunua mashine mpya, na barua pepe za miaka kumi au kumi na mitano zimebaki kwenye ile kuukuu. Nimechagua maswali sita. Kabla ya yote, shika hili: jua barua zako zinalala wapi. Zikilala kwenye seva ya kampuni inayokupa huduma, karibu huna la kuhamisha. Zikilala ndani ya kompyuta yako, basi hiyo kompyuta ndiyo yenye nakala ya pekee, na haifai kuguswa na mtu mwenye haraka.

Nina ofisi ndogo ya wakala wa forodha karibu na Nkrumah Road. Barua za wateja tangu 2008 ziko kwenye Outlook 2007, kompyuta ya mezani. Kijana aliyeniuzia mashine mpya anasema nikitia anwani na paswodi kila kitu kitakuja chenyewe. Ni kweli? – Wakala, Kisiwani

Bwana Wakala, huenda ni kweli na huenda ikakuangamiza. Fungua Outlook 2007, nenda Tools, kisha Account Settings, utaona aina ya akaunti imeandikwa kando ya anwani. Ikiwa ni IMAP, yaani njia inayoziacha barua kwenye seva, kijana amesema sawa kwa sehemu kubwa. Ikiwa ni POP, usimsikilize. POP huteremsha barua hadi kwenye kompyuta, na mara nyingi seva huambiwa izifute baada ya hapo. Ofisi nyingi zilitumia POP wakati ule kwa sababu nafasi kwenye seva ilikuwa haba. Mashine mpya itakuletea barua za wiki hii, au sanduku tupu, na hati za shehena za 2011 hutaziona.

Niliwahi kuitwa na ofisi moja ya mjini iliyokuwa na mgogoro wa kontena. Ushahidi wao wote ulikuwa ni barua walizoandikiana na mwenye mzigo. Fundi wao alikuwa ameifomati mashine ya zamani asubuhi ile ile, akiamini barua ziko "mtandaoni". Akaunti ilikuwa ya POP. Nilikaa na diski ile siku tatu na sikupata hata barua moja nzima. Ndiyo maana nalisema jambo hili kwa nguvu.

Sasa kazi yenyewe. Katika dirisha lile lile la Account Settings kuna kichupo cha Data Files, kinachoonyesha jina la faili na mahali ilipo. Faili inayoishia na .pst ndiyo hazina yako. Inayoishia na .ost ni kivuli tu cha kilichoko kwenye seva. Hiyo usihangaike kuibeba, mashine mpya itajitengenezea yake.

Funga Outlook kabisa, ngoja dakika moja au mbili, kisha nakili .pst kwenye diski ya nje. Kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba) usiithubutu kazi hii, maana stima ikikatika katikati ya kunakili utabaki na nusu faili. Ukimaliza, linganisha ukubwa wa faili mbili hizo kwa baiti, si kwa kukadiria gigabaiti. Kisha ihamishe ndani ya diski ya mashine mpya. Usiifungue ikiwa bado kwenye flashi, wala kwenye folda inayotumiwa na ofisi nzima kupitia mtandao. Microsoft yenyewe haiungi mkono .pst kutumiwa hivyo, na nimeona faili nyingi zikiharibika kwa njia hiyo.

Kwenye Outlook ya mashine mpya usichague Import. Nenda File, Open & Export, halafu Open Outlook Data File. Import hutoa nakala ya kila barua na kuichanganya na sanduku lako la sasa, lakini kufungua faili huiacha nzima, ikasimama upande wa kushoto kama kabati lake yenyewe. Hakikisha pia ni Outlook ya kawaida inayokuja na Office. Ile Outlook mpya inayopatikana bure ndani ya Windows imechelewa sana katika mambo ya .pst.

Nawe umesema 2008, basi angalia umri wa faili yenyewe. Ikiwa ilianzia kwenye Outlook 2002 au ya nyuma zaidi, dari yake ni gigabaiti 2, na kuifungua kwa programu mpya hakuipandishi dari. Faili za aina iliyokuja na Outlook 2003 zilipewa gigabaiti 20, na tangu Outlook 2010 ni 50. Kama yako ni ya ile aina ya kwanza, unda faili mpya ya data ndani ya Outlook ya sasa na uhamishie folda huko moja baada ya moja. Na ikikataa kufunguka, kuna programu ndogo iitwayo scanpst.exe iliyokuja pamoja na Office. Itumie juu ya nakala, kamwe usiitumie juu ya faili asili.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mji wa Kale. Nina kompyuta ya Windows XP iliyokaa kabatini miaka mingi. Humo mna barua alizokuwa akiniandikia marehemu ndugu yangu kutoka Maskati, kwenye Outlook Express. Inawaka, lakini naogopa kuigusa. – Mwalimu

Shikamoo, Mwalimu, na Mungu amrehemu ndugu yako. Umefanya vyema kuogopa. Mashine iliyokaa miaka kwenye hewa yetu ya chumvi huenda ikawaka mara chache tu kabla ya kukata roho, kwa hiyo kila kuwaka kwake kuwe na kazi.

Usiiunge na intaneti, kwani Windows XP haijapata marekebisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014. Outlook Express ikikuuliza kama ibane folda ili kuokoa nafasi, kataa. Swali hilo huja lenyewe baada ya kuifunga programu mara mia moja, na wengi walipoteza barua kwa kukubali halafu stima ikakatika katikati. Ukikuta folda iliyo tupu pasipo sababu, usimwage pipa la taka. Matoleo ya mwisho ya XP huweka humo nakala inayoishia na .bak kabla ya kubana.

Kisha nenda Tools, Options, Maintenance, ubonyeze Store Folder. Utaonyeshwa njia ndefu inayoishia kwenye folda iliyofichwa. Nakili folda nzima hiyo kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, kwa kuwa XP huenda isisome aina nyingine. Ndani yake kila sanduku ni faili moja inayoishia na .dbx. Kwa hatua hiyo barua za ndugu yako zitakuwa mahali pawili, na mahali pawili tayari ni nafuu kubwa.

Shida ni kwamba programu za leo hazisomi .dbx moja kwa moja. Kwa hiyo, wakati mashine bado ina pumzi, fungua folda tupu kwenye uso wa kompyuta, urudi Outlook Express, uchague barua zote kwa Ctrl na A, uzivute uzitie kwenye folda hiyo. Kila barua itakuwa faili yake inayoishia na .eml, pamoja na picha alizoziambatisha. Chini ya dirisha la Outlook Express pameandikwa idadi ya barua. Ilinganishe na idadi ya faili ulizopata, na zisipolingana rudia kwa mafungu madogo. Faili za .eml hufunguka kwa Thunderbird, ambayo ni ya bure, na kwa programu nyingi nyingine. Aina hii naipenda kwa sababu ndani yake ni maandishi ya kawaida. Hata vijukuu watakuja kuzisoma.

Ikigoma kuwaka kabla hujamaliza, usimruhusu mtu aisakinishe upya. Diski itolewe na isomwe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Mwambie fundi aje na adapta yenye midomo ya IDE na SATA, maana diski nyingi za enzi hiyo ni za IDE. Zipo pia programu za kutoa barua kutoka kwenye .dbx, ila zitumike juu ya nakala.

Natumia Thunderbird na nimepata laptopu mpya. Nianze upya? – Mwanafunzi, Tudor

Usianze upya. Thunderbird huweka barua, anwani na mipangilio katika folda moja iitwayo profaili. Nenda Tools, Export, utapata faili ya zip ya kubeba. Ikizidi gigabaiti 2 njia hiyo haifai. Fungua Help, kisha ukurasa wa Troubleshooting, utaona kitufe cha kufungua folda ya profaili. Funga Thunderbird, uinakili folda kwa mkono. Weka kwenye laptopu mpya toleo lililo sawa au jipya zaidi, kwa sababu toleo la nyuma hukataa profaili iliyokwisha kuguswa na toleo la mbele.

Mimi natumia Gmail tu, kwenye simu na kompyuta. Kuna la kuhamisha? – Dada wa Bamburi

Hakuna, dadangu, isipokuwa uliwahi kuburuta barua kwenye folda za Local Folders za Thunderbird au kwenye faili ya Archive ya Outlook. Hizo huenda hazimo tena kwenye Gmail.

Nimehamisha kila kitu salama lakini Outlook yangu ya 2010 inaikataa paswodi ya Gmail, na naandika ile ile sahihi. – Mfanyabiashara, Mwembe Tayari

Paswodi yako haina kosa. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haikubali tena programu zinazoingia kwa jina na paswodi pekee, na Outlook 2010 haijui njia nyingine. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yako, kisha uombe paswodi ya programu. Utapewa herufi 16 za kutia mahali pa ile ya kawaida. Hiyo itakuvusha. Hata hivyo Outlook 2010 yenyewe imeachwa tangu 2020, na biashara inayotumiana ankara isiitegemee.

Nimeshahama. Naweza kuiuza kompyuta ya zamani? – Mama mwenye duka, Kongowea

Ngoja mwezi mmoja. Katika mwezi huo tafuta kwenye mashine mpya barua tatu unazozijua: moja ya miaka mingi nyuma, moja uliyoituma wewe, na moja yenye kiambatisho, na ukifungue kiambatisho hicho. Watu hukumbuka barua zilizoingia na kusahau folda ya zilizotumwa. Usishtuke utafutaji ukikosa kitu siku ya kwanza, kwani programu huchukua saa nyingi kuorodhesha barua upya.

Diski ya nje yenye nakala usiifute. Hapa Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka mitano, na ankara zako nyingi zimo humo ndani ya barua. Ukifika wakati wa kuuza, kumbuka kuwa zile namba za simu na vitambulisho vya wateja wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kufuta faili kwa kuzitupa kwenye pipa hakuziondoi kwenye diski. Mwambie fundi aitoe diski mbele yako, uiweke kabatini, na mnunuzi anunue mashine bila diski.