Kumbukumbu za kikao kisichofanyika: barua kwa mwanangu

Bombo, Uganda, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Wa aleikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa jikoni na redio nimeizima. Unasema bosi wako amekupa majina kumi na moja, akakuagiza uandike kumbukumbu za kikao cha mwezi uliopita, kikao ambacho hakikufanyika, ili posho zitoke kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Halafu ukaniuliza: "Mama, mimi kazi yangu ni kupiga chapa. Anayetia saini ni yeye. Kosa langu liko wapi? Na nikikataa, si nitakuwa nimevunja siri ya ofisi?"

Nianze na hilo la siri, maana ndilo linalotuchanganya sisi makatibu muhtasi.

Nimekaa mlangoni pa wakubwa miaka 31, tangu enzi za taipureta na karatasi ya kaboni, na kiapo cha siri nilikula kama wewe. Najua nani aliandikiwa barua ya onyo, nani aliomba mshahara wa mwezi ujao amzike mama yake, nani alikuwa akitumia dawa gani. Hata marehemu baba yako sikumwambia, na wewe hutayasikia kwangu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi ndio kata. Lakini mwanangu, yote hayo yalitokea. Siri ni jambo lililotokea ambalo si lako kulisema. Kikao ambacho hakuna aliyekikalia hakina siri yoyote ya kutunzwa. Unachoombwa ni kukitunga.

Sasa hilo la saini. Nitakueleza jambo ambalo sijawahi kukueleza.

Miaka ya tisini, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilikuwa na bosi mwema. Nasema mwema kwa moyo wote. Ulipougua malaria ukiwa na miaka miwili, usiku wa mvua, ndiye aliyetoa pikapu ya ofisi ikatupeleka hospitali. Baada ya miezi michache ikatangazwa zabuni ya vitanda na madawati, mwisho wa kupokea bahasha ukiwa Jumanne saa sita mchana. Alhamisi bosi akaja na bahasha ya rafiki yake. Hakusema mengi. Aliiweka mezani, akaniambia, "Mama, hii nayo ilifika Jumanne."

Unaijua mihuri ile ya tarehe, yenye mikanda ya mpira unayoizungusha kwa kucha. Nikairudisha siku mbili nyuma, nikagonga "Imepokelewa", nikaandika mstari katika daftari la barua zinazoingia, pale chini ya ukurasa wa Jumanne palipokuwa na nafasi. Saini yangu haikuwa popote. Haikufika hata dakika moja.

Aliyekosa zabuni ile alikuwa seremala mzee wa papo hapo mjini. Alikuja Jumatatu asubuhi na mapema, viatu vina matope, akataka kujua, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mpaka muda unafungwa hapakuwa na bahasha nyingine zaidi ya yake. Nikamfungulia daftari. Akauangalia muhuri, akasogeza miwani, akauangalia tena. Akasema, "Kama muhuri umesema, basi," akanishukuru, akatoka.

Alinishukuru, mwanangu. Bosi hakumjua mzee yule wala hakumwona. Mimi ndiye niliyemfungulia daftari.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba anayepiga chapa hana lake. Watu hawaziamini karatasi kwa sababu ya saini ya mkubwa peke yake. Wanaziamini kwa sababu pana mtu mezani asiye na faida yoyote kwa kudanganya, naye ameandika tarehe ilivyokuwa. Hata Kanuni ya Adhabu yetu inapoeleza kughushi inazungumzia kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kudanganya. Sasa jiulize, hiyo hati ya kikao nani ataitengeneza? Na wale kumi na moja, umeulizia kama wote wanajua majina yao yametumika? Mkaguzi akimpigia mmoja tu simu, aliyekuwa kwenye matanga Arua siku hiyo, karatasi yote imekwisha.

Kesho usiende na hasira, wala usiende kumhubiria. Mwamkie kama kila siku. Mwambie, "Mzee, kumbukumbu za kikao hiki siwezi kuziandika kwa sababu sikukiona kikifanyika. Kama kikao kinahitajika, niandike barua za mwaliko leo, tukifanye wiki hii kwa tarehe yake." Umempa njia ya kutokea bila aibu, na wengi huifuata. Akishikilia, mwombe akuandikie agizo hilo kwa mkono wake kwenye faili, karatasi ipewe nambari kama nyingine zote. Nimeona mikono mingi ikiacha kalamu hapo. Wewe nawe uwe na daftari lako la kazi, tarehe na saa, maneno yaliyosemwa, bila maoni.

Akikutishia, Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa ya 2010 imekuwekea milango. Unaweza kupeleka jambo kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG, anayepambana na rushwa), kwa polisi, hata ofisi ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, na mtu haruhusiwi kukuadhibu kwa taarifa uliyotoa kwa nia njema. Sikudanganyi kwamba ni njia nyepesi. Waweza kuhamishwa, waweza kunyimwa salamu asubuhi. Chumba chako hapa nyumbani kipo na hakuna atakayekuuliza kwa nini umerudi.

Ulinigusia pia wageni wanaokuachia "ya soda" ili waingie kwa bosi kwanza. Warudishie palepale, mbele ya wengine kwenye benchi, kwa upole. Aliyetangulia kufika atangulie kuingia. Hapo sina zaidi.

Yule mzee wa madawati nilimtafuta nilipostaafu. Niliambiwa alishafariki. Watoto wake sikuwapata.

Nipigie kesho baada ya Isha uniambie bosi amesemaje. Usinitumie sauti, piga.

Mama yako