Walimu wapya wa baiolojia, msiikimbie chupa ya maharage yaliyochemshwa

Msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, ukifika hapa Moshi, hunikuta nimekaa nyuma ya darasa nikiwatazama walimu vijana wanavyofundisha respiresheni, yaani jinsi seli inavyotoa nishati kwenye chakula. Mada ileile, makosa yaleyale ya mwaka jana. Mnakuja na moyo, andalio la somo limenyooka, kisha kipindi hakijafika nusu ubao umejaa mzunguko wa Krebs, ule mlolongo mrefu wa hatua za kikemia ndani ya seli, ambao watoto wa umri ule bado hawana haja nao. Nawapenda, wadogo zangu, lakini hebu tuongee.

1. Mwanafunzi akikariri kwamba mitokondria ni kiwanda cha nishati cha seli, usimpigie makofi kwanza. Muulize hiyo nishati imetoka wapi. Wengi watakujibu kwamba mitokondria imeiumba. Hapana. Chanzo chake ni chakula kinapokutana na oksijeni; seli inaitoa kidogokidogo na kuihamishia kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na zaidi ya nusu inatoka kama joto. Hilo joto ndilo mnaloliruka kila mwaka, wakati ndilo ambalo mtoto anaweza kulipima mwenyewe.

2. Kwa hiyo fanyeni jaribio la maharage. Mnalijua: chupa mbili za chai, moja ina maharage yanayochipua, nyingine yaliyochemshwa yakapoa. Kipimajoto ndani, pamba mdomoni, chupa kichwa chini ili kabonidioksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, ishuke itoke. Kuna hatua moja mnayoiona ya mapambo: kuosha maharage ya chupa zote mbili kwa dawa ya kuua vijidudu.

Kuna mwalimu kijana, hodari, anayependwa na watoto, aliiruka. Mwanzoni mambo yalienda kama kitabu: chupa ya maharage hai inapanda, ya yaliyochemshwa imetulia. Alhamisi asubuhi msichana wa dawati la mbele akasoma kipimajoto cha chupa ya pili, akafuta alichoandika, akasoma tena. Nacho kimepanda. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, kumbe hata maharage yaliyokufa yanafanya respiresheni?"

Kijana wetu akaisogelea chupa, akavuta pamba, harufu ikampokea, akairudisha upesi. Akasema kipimajoto ni kibovu. Akafuta jedwali ubaoni, akaandika namba za kitabuni, darasa zima likanakili. Yule msichana akachukua rula na kukata safu yake taratibu, mstari mmoja ulionyooka juu ya vipimo ambavyo vilikuwa vya kweli kabisa.

Niliumia sana. Swali lake lilikuwa na jibu zuri kuliko chochote kilichokuwa kwenye andalio. Maharage yalikuwa yamekufa, ndiyo, lakini vijidudu vilivyokuwa vikiyaozesha, bakteria na ukungu, vilikuwa hai. Vilikuwa vinakula wanga uleule, vinatumia oksijeni, vinatoa kabonidioksaidi na joto. Watoto wale wangetoka wakijua kwamba kazi inayofanyika ndani ya haragwe linalochipua inafanyika pia ndani ya bakteria, na ndani ya kidole kilichoshika kipimajoto. Badala yake walifundishwa kutoamini macho yao. Tulizungumza ofisini baada ya kipindi, na nampa heshima yake: kesho yake alirudi, akafungua madirisha, akaifungua chupa mbele ya darasa na kumwomba yule msichana arudie swali lake kwa sauti. Mkipata chupa ya tatu, wekeni yaliyochemshwa bila kuoshwa, makusudi kabisa, na waacheni watoto wabishane.

3. Mimea hufanya respiresheni mchana na usiku. Semeni hivyo kila kipindi, maana kila mwaka tunasahihisha "usiku tu" hadi wino unaisha.

4. Kwenye respiresheni isiyotumia oksijeni, anzeni na mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla hamjaandika ethanoli ubaoni. Waulizeni lile povu ni nini. Mtoto mmoja wa Rombo aliniambia bibi yake hafuniki pipa akalibana, kwa sababu "inasukuma". Darasa likacheka, nami nikamwita mbele aeleze, kwa kuwa tayari alikuwa ameikuta kabonidioksaidi. Hapo ndipo mnawaambia kwamba chachu bila oksijeni inapata ATP 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi. Nishati nyingine nyingi imebaki ndani ya alkoholi, ndiyo maana alkoholi inawaka moto.

5. Kidato cha tano na sita watawauliza kama molekuli moja ya glukosi, oksijeni ikiwepo, inatoa ATP 38, 36 au 32. Msiwazime. Hesabu ya 38 inachukulia kwamba hakuna kinachopotea njiani. Kwa kweli protoni nyingine huvuja kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na kusafirisha vitu kuvuka utando huo kuna gharama yake. Makadirio ya sasa ni kama 30 hadi 32.

6. Wanafunzi wengi wana kaka au baba mgumu, yaani mbeba mizigo, mlimani. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila kanieneo imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya pwani. Waacheni wao waeleze kwa nini mtu anatembea polepole kule. Na maumivu ya misuli siku ya pili baada ya mbio za Kilimanjaro Marathon msiyasingizie asidi ya laktiki; hiyo huwa imeshaondoka zamani.

Mnaoanza mada wiki ijayo, nunueni maharage mapya, yaliyokaa sana ghalani huchipua kwa shida. Loweka usiku kucha, osha kwa jiki iliyozimuliwa, suuza. Chupa kaombeni jikoni mapema, zile ambazo hazitarudi tena kwenye chai ya walimu.