Eksirei safi, mguu bado unawaka

Barua za wiki hii karibu zote ni za miguu inayouma na madaktari wasiosikiliza. Nimechagua nne na kuzifupisha.

Shikamoo. Mimi ni fundi nguo, natumia cherehani ya kukanyaga. Mguu wa kulia unauma kuanzia kalioni hadi kisiginoni tangu mwaka jana. Eksirei imetoka safi, daktari akaniambia nipunguze mawazo. Sasa hata mume wangu anaona nadeka. – Fundi, Morogoro

Marahaba, mama. Eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi mishipa ya fahamu wala diski laini zilizo kati ya pingili za mgongo, na maumivu yanayoshuka kutoka kalioni hadi chini ya goti mara nyingi huanzia huko: diski imechomoza, imebana mshipa. Picha safi imejibu swali la mfupa tu.

Kinachonisumbua kwenye barua yako ni kwamba husemi popote kama daktari aliugusa huo mguu. Unatakiwa ulale chali, aunyanyue ukiwa umenyooka na kukuuliza unavuta wapi. Agonge goti na kisigino kwa kinyundo. Akuambie utembee kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino. Hayo hayahitaji umeme wala bima, na ni dakika tano. Najua foleni iko hadi mlangoni, lakini dakika tano hizo ndizo kazi yenyewe.

Ukirudi, usiseme "mguu unauma" ukanyamaza. Onyesha kwa kidole unapoanzia na unapoishia. Sema ukikohoa unazidi au la, na ukikaa kwenye cherehani muda gani ndipo unashindwa kunyanyuka. Halafu muulize: "Daktari, mpaka sasa umeondoa ugonjwa gani, na upi bado unaufikiria?" Siatika, yaani maumivu kama haya ya mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Yako imevuka mwaka, kwa hiyo kuomba rufaa kwa daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu si kudeka.

Kuhusu mawazo: kukosa usingizi na hofu huzidisha maumivu, hilo ni kweli. Lakini hutibiwa pamoja na mguu, si badala yake. Ukianza kusikia ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, ukashindwa kukojoa au kuzuia haja, usingoje kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Nina kisukari, nyayo zinawaka usiku hadi natoa miguu nje ya shuka. Niliandikiwa amitriptilini bila maelezo. Muuza dawa akaniuliza nani kwetu ni mgonjwa wa akili. Nimeziacha. – Tanga

Daktari wako alichagua dawa inayofaa, akakunyima sentensi moja ya maelezo. Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, miaka ya 1960, lakini kwa dozi ndogo, miligramu 10 au 25 usiku, hutuliza mishipa ya fahamu iliyoumia, na kisukari huiumiza kwelikweli. Hakuna aliyekuona una wazimu. Haifanyi kazi siku moja kama panadoli. Ipe wiki chache. Itakukausha mdomo na kukupa usingizi. Kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume, mwambie daktari kabla ya kuianza tena.

Na kama unameza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, omba upimwe vitamini B12. Dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake nao huchoma nyayo.

Nina miaka 66. Nikitembea kwenda msikitini kigimbi kinakaza, nikisimama kidogo kinaachia. Kila daktari ananiambia ni uzee. – Kigoma

Shikamoo mzee wangu. Uzee si jina la ugonjwa, na mguu wa pili una umri uleule. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kusimama tu yanaweza kuwa ya mishipa ya damu iliyoziba, hasa kwa mvuta sigara au mwenye kisukari. Omba wakupapase mapigo juu ya mguu, pale zinapofungwa kamba za kiatu, na nyuma ya kifundo, kisha walinganishe presha ya kifundo na ya mkono. Ikiwa unapata nafuu pale tu unapokaa au kuinama, na kuendesha baiskeli hakukuumizi, basi mgongo nao uchunguzwe: huenda njia ya mishipa ya fahamu imekuwa nyembamba.

Nikiomba daktari mwingine si nitaonekana mjuaji? – Dodoma

Utaonekana hivyo kwa baadhi yao. Omba hata hivyo, kwa adabu. Ukikataliwa, muone mganga mfawidhi. Baraza la Madaktari Tanganyika liache kwa utovu wa maadili, si kwa daktari aliyekuwa na haraka. Ila kabla ya kuhama, omba nakala ya kila kipimo na kila dawa uliyopewa. Ukienda mikono mitupu, huko uendako wataanza upya, na mguu wako utapimwa taifodi.