Maswali ya Wasomaji: Kengele Hamsini Mbugani

SWALI: Mhariri, ninafundisha shule moja ya sekondari wilayani Ilemela, ambako pia ninasimamia klabu ya kompyuta. Tangu muhula uliopita wanafunzi wangu wanatengeneza mchezo wa kompyuta wa kuwafundisha watoto wa shule za msingi maisha ya wafugaji wa Usukumani. Mchezaji ni kijana anayetoa ng'ombe zizini asubuhi, anawapeleka lamboni na kuwarudisha jioni, na njiani anaokota kengele za ng'ombe. Ziko 50, kila moja ina pointi 10, na anayezimaliza zote anazawadiwa kengele ya dhahabu. Nilipomwonesha baba mkwe wangu, ambaye alichunga tangu utoto hadi alipoota ndevu, alitazama kwa muda kisha akauliza, "Hawa ng'ombe waliodondosha kengele zote hizi ni wa nani?" Wanafunzi walicheka, lakini swali lile limenikaa. Je, tuiondoe kengele na kuweka fimbo, au ipo njia ya kuifanya ifundishe kitu?
Mwalimu wa klabu, Ilemela

JIBU: Mwalimu, mzee amewasahihishia kazi yote kwa sentensi moja, na ningekuwa wewe ningemwomba akae na vijana hao jioni nzima. Hata hivyo, kengele msiiondoe. Kosa lenu halimo katika kifaa mlichokichagua, limo katika kitenzi mlichokipa: mmeifanya kengele kuwa kitu cha kuokotwa, ilhali mchungaji huitumia kwa kuisikiliza.

Ninapoandika haya ninayo moja mezani. Ni bamba la chuma lililokunjwa na kufuliwa, mshono wake ubavuni unaonekana waziwazi, na sehemu ya ndani ambapo ulimi hugonga imelika na kung'aa kuliko kwingine kote. Kishikio cha juu, palipopita ukanda wa ngozi, kimelainika kama kokoto ya ziwani. Hali hiyo haikutokea kwa siku moja, wala kengele iliyolala njiani haipati alama kama hizo. Ilivaliwa shingoni kwa miaka, na kwa kawaida hawavishwi ng'ombe wote, bali mmoja au wachache, hasa yule mtulivu ambaye wenzake wamezoea kumfuata.

Mchungaji aliyezungukwa na vichaka hawezi kuliona kundi lote, kwa hiyo hulichunga kwa masikio. Ng'ombe anayekula kwa utulivu hugongesha kengele mara mojamoja bila mpangilio, kwa kuwa kichwa chake kinashuka na kuinuka kufuata majani. Akianza kutembea, mlio unapata mwendo, na akikimbia kwa kushtuka unakuwa makelele yasiyo na nafasi katikati. Kuna tena ukimya, ambao ndio unaomwamsha mchungaji aliyesinzia chini ya mti: huenda ng'ombe wamelala wakicheua, huenda wamekwenda mbali, au huenda mwizi ameziba kengele kwa nyasi. Hapa pana somo zima ambalo pointi 10 haziwezi kulibeba.

Basi punguzeni kengele kutoka 50 hadi tano au sita, na kila moja iwe na mlio wake na ng'ombe wake. Mchezaji aanze akiwa hawaoni wanyama kabisa, ausikie mlio, aseme ni ng'ombe yupi, yuko upande gani na anafanya nini. Akipatia, kengele ile inaingia katika mkusanyiko wake, kwa maana kwamba sasa anaijua. Shingoni mwa ng'ombe haitoki. Akikosea, asinyang'anywe pointi, bali afuate upande alioutaja na akute kichaka kitupu, huku kundi likizidi kwenda. Mkitaka hatua ngumu zaidi, wekeni ngitili kwenye ramani, yaani lile eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili majani yake yatumike kiangazi. Kengele inayosikika kutoka ngitili kabla ya wakati wake ni habari mbaya, na mtoto atakayeisikia atajifunza utunzaji wa malisho bila kusomewa ukurasa wa maelezo.

Kuhusu ufundi, mahali pa wazi sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Ng'ombe akitoka hatua 10 hadi 20 tofauti ni kubwa, lakini akitoka hatua 200 hadi 210 haisikiki sana. Wanafunzi wengi hupunguza sauti kwa kiasi kilekile kwa kila hatua, na ndiyo maana michezo yao husikika kama redio inayofifishwa. Ama upande, binadamu huutambua kwa sababu mlio hufika sikio moja kabla ya lingine, kwa tofauti isiyofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huwa na nguvu zaidi upande unakotoka. Kama mnatumia Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, mtakuta amri ya kubadili ukubwa wa sauti na nyingine ya kuipeleka kushoto au kulia. Hiyo ya pili haina faida kwenye kompyuta yenye spika moja, kwa hiyo tafuteni visikilizio vya masikioni, hata kama watoto watapokezana.

Mlio wenyewe rekodini hapahapa. Ukitafuta intaneti utaletewa kengele za ng'ombe wa milima ya Uswisi, nyingi zikiwa za shaba nyeusi ya kumimina, na baba mkwe wako atakuuliza swali la pili.

Hiyo ya dhahabu itoeni leo. Najua Geita iko ng'ambo ya maji tu na vishawishi vipo, lakini upande huohuo walikuwako Warongo, mafundi waliojulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe, na kwa mfugaji chuma hicho ndicho kilichokuwa na thamani. Zawadi ya mwisho iwe kuingia katika banda la mhunzi na kumwona akitengeneza kengele. Kabla ya kulichora, wapelekeni vijana Bujora, pale Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement na kufunguliwa mwaka 1968.

Fimbo nayo ina nafasi yake, ila si ya kukusanywa: mchungaji hupewa moja asubuhi na haiachi hadi jioni. Vijana wakilalamika kwamba mchezo usio na vitu vingi vya kuokota utachosha, waambieni habari za The Oregon Trail, mchezo wa kompyuta wa safari ya gari la kukokotwa na maksai, ulioundwa mwaka 1971 na vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu Minnesota, Marekani. Ulichezwa kwenye mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta, bila picha hata moja. Maksai ndani yake walinunuliwa, na kadiri mchezaji alivyowatengea fedha nyingi ndivyo gari lake lilivyokwenda mbali zaidi. Kila kitu kilikuwa na kazi, na watoto hawakuchoka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, na shuleni kwetu tunachora vifaa vya ufugaji kwa ajili ya mchezo kama huo. Bibi anayo kengele ya ng'ombe wa marehemu babu lakini amekataa isipigwe picha. Nimweleweshe vipi?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Mjukuu, usimweleweshe. Bibi anakijua kitu hicho kuliko wewe na mimi, na hadaiwi sababu. Kwa kazi yenu kengele yoyote ya chuma inatosha. Nenda mnadani siku ya ng'ombe, pale wanapouza kamba na katambuga, umwombe mwenye meza akuruhusu kuchora na kupima. Ukiamua kununua, tikisa kila moja kando ya sikio kabla ya kulipa, kwa kuwa zinazofanana kwa umbo hazifanani kwa mlio, na wauzaji wamezoea kusubiri mteja achague.