Mguu wangu umevimba lakini mnyoo haonekani. Mke wangu mzima lakini anaye

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Ilemela, Mwanza. Nilifundisha Pangani miaka 11, nikaoa huko huko, tukahamia huku mwaka juzi. Mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba nikiwa bado Pangani. Unakuja na homa na mitoki ya kinena, unatulia, halafu unarudi. Damu yangu ilipimwa matende saa 4 asubuhi nikaambiwa hamna kitu. Baadaye nikapimwa kwa kadi, ile ya kutoboa kidole, nayo ikasoma hasi. Mke wangu, mzaliwa wa Pangani, hajawahi kuumwa mguu hata siku moja, lakini kadi yake imesoma chanya. Sasa nani mgonjwa hapa? Na kama mnyoo wenyewe ni mrefu kama kidole, kwa nini kinga ya mwili isimwone ikamuua? Mashemeji wanacheka kwamba nilizidisha madafu. Wengine wananitisha kwamba minyoo hawa wanashusha kinga kama UKIMWI.

JIBU: Mwalimu, salaam. Kipimo cha saa 4 asubuhi kisahau kabisa. Watoto wa mnyoo wa matende wana urefu wa robo milimita hivi, na mchana wamejazana kwenye mishipa midogo ya damu ya mapafu. Damu ya kidoleni wanaifikia usiku, hasa kati ya saa 4 na saa 8, wakati mbu naye yuko kazini. Ukiwatafuta asubuhi ni sawa na kumtafuta mvuvi wa dagaa ziwani saa sita mchana: mtumbwi uko mwaloni na mwenyewe amelala. Nikiwa mwanafunzi tulipelekwa vijiji vya Tanga kupima damu ya usiku. Tuligonga milango saa 5 na tochi zetu na sindano za kutoboa vidole, na mzee mmoja alifungua mlango nusu akatuuliza kama sisi ni mumiani.

Kadi haijali saa. Inatafuta protini zinazomwagwa na mnyoo mkubwa aliye hai, kwa hiyo hasi yako ina uzito. Mnyoo mkubwa huishi miaka 6 hadi 8 hivi, na ndani ya mwili wako hawezi kuongezeka, kwa sababu watoto wake lazima wapitie kwa mbu kwanza ndipo wakue. Waliokuwa mguuni mwako huenda walishakufa. Uharibifu waliouacha haukufa nao.

Hapo ndipo penye fumbo la ugonjwa huu, na nyumba yenu ina pande zote mbili. Wenye minyoo wengi kwenye damu mara nyingi wanaonekana wazima, na wenye miguu mikubwa mara nyingi hawana mnyoo hata mmoja. Tofauti iko katika namna kinga ya kila mmoja ilivyoamua kuishi na mgeni.

Mke wako kwanza. Aliyezaliwa Pangani aling'atwa na mbu wenye mnyoo tangu utotoni, na kama mama yake alikuwa na minyoo wakati wa ujauzito, kinga yake ilianza kuwazoea akiwa bado tumboni. Kinga ya namna hiyo inamwona mnyoo vizuri sana, ila imekubali yaishe. Seli T za kutuliza, aina ya seli nyeupe za damu, zinaongezeka, kemikali za kupoza uvimbe kama intalukini-10 zinapanda, na damu inajaa kingamwili za aina ya IgG4. Hizi zinamshika mnyoo bila kupiga yowe, na zinachukua nafasi ambayo ingechukuliwa na IgE, yule mpiga kengele. Mnyoo naye anachochea utulivu huo kwa majimaji anayotoa kila siku. Ukitaka mfano wa darasani, kichocho cha huku ziwani kina ujanja wa ukoo huo huo: mnyoo mwenyewe anakaa kwenye mshipa wa damu miaka mingi bila ugomvi, na madhara makubwa yanatokana na mayai yanayonasa kwenye ini.

Lakini usimwambie kwamba hana kitu. Nimewahi kuangalia kwa ultrasaundi korodani za kijana asiyelalamika chochote, na kwenye skrini kulikuwa na nyuzi zinajinyonganyonga ndani ya mshipa uliopanuka. Wataalamu wanaiita ngoma ya filaria (filaria ndilo jina la minyoo wa kundi hili), na ukiiona mara moja huisahau. Mshipa wa limfu, yale majimaji yanayotoka kwenye nyama na kurudishwa kwenye damu, hupanuka hata pale ambapo kinga imenyamaza.

Wewe ulifika Pangani mtu mzima, na kinga ambayo haikuwa na mkataba wowote na mnyoo huyu. Hili lilionekana wazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani walipopelekwa visiwa vya Pasifiki vyenye ugonjwa huu. Ndani ya miezi michache wengi walivimba mitoki, korodani na mikono, lakini damu yao ilipopimwa watoto wa mnyoo walionekana kwa nadra mno. Kinga yao ilipigana badala ya kupatana. Wengi wao walipoondolewa huko walipona.

Na vita hiyo ya kinga inapiganiwa ndani ya mshipa wa limfu. Mnyoo akifa humo anakuwa mzoga uliokwama ukutani, na seli nyeupe zinauzunguka. Isitoshe, ndani ya mnyoo wanaishi bakteria wanaoitwa Wolbachia, ambao yeye hawezi kuzaa bila wao. Anapokufa wanamwagika, na kinga iliyokuwa ikivumilia mnyoo haivumilii bakteria. Ndiyo homa, mstari mwekundu unaoshuka mguuni, na mitoki.

Watu wengi, hata wahudumu wa afya, huwaza kwamba mnyoo anaziba mshipa kama takataka zinavyoziba Mto Mirongo mvua ikinyesha. Kwa sehemu kubwa haiko hivyo. Mshipa wa limfu una vali, milango midogo inayozuia maji yasirudi chini. Mshipa ukipanuka, milango haikutani tena. Limfu inayopaswa kupanda kutoka unyayoni inarudi chini na kutuama, ikiwa imejaa protini. Protini zinavuta maji zaidi, nyama inaanza kuwa ngumu, na ngozi inanenepa.

Kinachoumaliza mguu ni kitu kingine ambacho watu hawakitilii maanani. Ngozi iliyotuamiwa na limfu haina ulinzi, kwa hiyo bakteria wa kawaida wa ngozini, hasa streptokoka, wanaingia kupitia mpasuko mdogo. Nikimpata mgonjwa wa matende, kabla sijaugusa uvimbe namwambia akae, napanua vidole vyake kimoja kimoja, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano. Mara nyingi nakuta ngozi nyeupe iliyolowa na ufa mdogo wa fangasi. Pale ndipo mlango wa homa zako nyingi. Kila homa inaharibu mishipa mingine midogo, na mguu hauwi tena ulivyokuwa.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ni beseni. Osha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, bila kusugua kwa nguvu. Kausha kati ya vidole hadi pawe pakavu kabisa, na tibu fangasi. Inua mguu ukiwa umelala au umekaa, zungusha kifundo, vaa viatu visivyobana. Homa ikija usisubiri, nenda upate antibiotiki. Kabla ya yote hayo, daktari akuangalie kwa macho yake, kwa sababu mguu mmoja kuvimba kunaweza kuwa damu iliyoganda au saratani ya Kaposi, na mambo hayo hayasubiri.

Mke wako anahitaji dawa ingawa haumwi. Hapa Tanzania tunatumia ivermektini na albendazo kwa pamoja. Zinafagia watoto wa mnyoo kwenye damu, lakini wakubwa wengi wanabaki, ndiyo maana ugawaji wa jumla hurudiwa kila mwaka. Doksisaiklini kwa wiki 4 hadi 6 inaua wale Wolbachia, mnyoo anakuwa tasa na baadaye anakufa polepole. Daktari ndiye ataamua, na haipewi mjamzito. Wewe huwezi kuambukizwa naye kwa kulala kitanda kimoja. Lazima mbu awe katikati, tena si mbu mmoja wala siku moja: watu hupata mnyoo huyu baada ya kung'atwa mara nyingi sana.

Madafu mwachie shemeji. Hata huko pwani yamezoea kusingiziwa mabusha, leo naona yameongezewa na mguu.

Kuhusu UKIMWI: hapana, mnyoo haui seli za kinga kama VVU. Utulivu anaoleta unamlenga zaidi yeye mwenyewe. Hata hivyo waliokutisha hawakutunga yote. Utafiti uliofanyika Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ukachapishwa 2016, ulikuta kwamba wenye minyoo hawa walipata maambukizi mapya ya VVU mara mbili hivi kuliko wasio nao. Inadhaniwa ni kwa sababu mnyoo anaziamsha baadhi ya seli T, na seli T iliyoamka ni rahisi zaidi kwa VVU kuingia. Mimi naichukua kama sababu nyingine ya kumtibu mtu asiyeumwa.

Jambo moja la kadi. Baada ya dawa, ya mke wako inaweza kuendelea kusoma chanya kwa muda mrefu, hata miaka, kwa kuwa minyoo wakubwa hawafi kwa mkupuo. Msiirudie kila mwezi mkagombana nayo.