Jibu: Jina la tsavoraiti limetoka wapi?

Mkuu, umeuliza kama tsavoraiti ni "zumaridi ya Tsavo". Hapana, ni kito cha aina nyingine: garneti ya kijani, ya jamii iitwayo grosula, na rangi yake inatokana hasa na metali ya vanadi. Hapo kwenye Tsavo uko sahihi: jina lilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Henry Platt wa Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, kwa heshima ya Hifadhi ya Tsavo nchini Kenya, jirani na machimbo ya Taita Taveta. Lakini mwanajiolojia Campbell Bridges alikuwa ameshayaona mawe haya kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, na huko Merelani, Tanzania, yanatoka mpaka leo. Kwa hiyo usikatae jiwe la Tanzania eti kwa sababu ya jina.

Ukiuziwa jiwe ghafi, lipime hivi ujue lina uzito mara ngapi ya maji ya ujazo uleule. Lisafishe, ondoa mwamba wote ulioshikamana nalo, lipime kavu, kisha lipime likining'inia kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chombo. Gawanya uzito mkavu kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Kavu gramu 3.6 na majini 2.6, tofauti ni 1, inakupa jibu la 3.6, hiyo inalingana na tsavoraiti, ingawa mawe mengine machache nayo hufika hapo. Zumaridi hutoa kama 2.7, kioo mara nyingi 2.5 hivi. Viputo vya hewa vikiganda kwenye jiwe jibu hushuka, basi lisugue kwa brashi likiwa majini. Jiwe dogo linahitaji mizani ya karati, ile ya kupimia vito. Ya jikoni itakudanganya.