Samaki wa kuletwa na vimelea: maswali yenu

Dagaa wengine wa Ziwa Victoria wana tumbo lililovimba, na ndani kuna mnyoo mweupe kama utepe. Ameletwa na sangara? (Mama lishe, Mwanza)

Sangara hahusiki hapa, mama. Huyo ni tegu aitwaye Ligula. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ndege wanaokula samaki, kama mnandi, yanaanguliwa majini, yanamezwa na vidudu vidogo jamii ya kamba, na dagaa hula vidudu hivyo. Dagaa mwenye tegu huyu mara nyingi hawezi tena kuzaa. Wapike waive vizuri, moto humuua.

Kwa nini samaki mgeni hushamiri kuliko wenyeji? (Mwanafunzi, Kisumu)

Sababu ni nyingi. Sangara alipoletwa Ziwa Victoria alikuta limejaa furu, samaki wadogo wenyeji, wa kula. Ila vimelea navyo vinahusika. Mwaka 2003 Mark Torchin na wenzake walichunguza spishi 26 za wanyama waliohamia ugenini, samaki wakiwemo. Kwao walikuwa na aina 16 za vimelea kwa wastani. Ugenini walifika na aina zisizofika 3 kati ya hizo, wakaambukizwa nyingine kama 4 huko. Kimelea kinachohitaji konokono, kisha samaki, kisha ndege, hufa kikikosa mmojawapo.

Nataka kuleta vifaranga vya sato kutoka mbali. Muuzaji anasema ni wazima. Perege wa mto wetu watadhurika? (Mfugaji, Morogoro)

Wanaweza, ndugu yangu, na swali hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Minyoo wadogo wa matamvua (sehemu ambazo samaki hupumulia), jamii ya Cichlidogyrus, hawahitaji konokono wala ndege. Mayai yao yakianguliwa, watoto huogelea hadi kwa samaki mwingine na kumng'ang'ania. Kwa hiyo husafiri vizuri sana na vifaranga. Katika bonde la Congo, watafiti walilinganisha samaki wa makumbusho, waliovuliwa kabla ya sato kupelekwa huko, na wa siku hizi. Utafiti wao wa 2020 ulionyesha kwamba minyoo wa sato wamehamia kwa samaki wenyeji.

Na "mzima" hakutoshi. Huko Ulaya, samaki mdogo wa Asia, Pseudorasbora parva, hubeba kimelea Sphaerothecum destruens bila kuumwa. Samaki wenyeji Leucaspius delineatus walipowekwa kwenye maji aliyokaa, waliacha kutaga na wengi wakafa.

Nunua vifaranga vya bonde la mto wenu. Ukileta vya mbali, watenge kwanza, umwombe afisa uvuvi apime matamvua kwa hadubini. Maji ya bwawa yasiingie mtoni kamwe, na usichimbe mahali panapofurika masika.

Mgeni anaweza kuwapunguzia wenyeji vimelea? (Msomaji, Kampala)

Imeonekana New Zealand: penye trauti wengi wa kutoka Ulaya, samaki wadogo wenyeji hukutwa na minyoo wachache. Lakini trauti haohao wanawala wenyeji na kuwafukuza mitoni, kwa hiyo nafuu hiyo si sababu ya kupandikiza samaki popote.